Kusimamia wanabiolojia wa wanyamapori serikalini: mwongozo kwa mkuu mpya wa kitengo

Ukishakuwa mkuu wa kitengo cha wanabiolojia, huhesabu tena wanyama. Unasimamia watu wanaohesabu, na tarakimu wanazoleta ndizo wengine wanazoamulia: wanyama wangapi wawindwe, kibali gani kitolewe, barabara ipite wapi, mnyama aliyezoea kuingia mashambani ahamishwe au auawe. Ukiondoa makaratasi yote, kazi yako ni kuhakikisha kwamba tarakimu hiyo imepatikana kwa njia ya kuaminika, na kwamba aliyeipata hakuogopa kuileta jinsi ilivyo. Likizo, mafuta ya gari na fomu za tathmini vyote vinatumikia hilo.

Ukitaka kuona mambo yanavyokwenda mrama, soma kisa cha hifadhi ya Sariska nchini India. Hesabu rasmi ya mwaka 2004 ilisema kuna chui-milia wasiopungua 16. Mwanzoni mwa 2005 watu waliwatafuta wasimwone hata mmoja. Majangili walikuwa wamewamaliza. Hesabu zilitegemea nyayo, kila ofisa akidai kumtambua mnyama kwa alama ya mguu wake, na kila hifadhi ilijihesabia yenyewe. Nani angependa kuwa wa kwanza kuandika kwamba wake wamepungua? Baada ya aibu hiyo nchi nzima ilibadili mbinu, ikaanza kutumia kamera za kutegesha na takwimu za sampuli. Hesabu ya 2001 na 2002 ilikuwa imetaja chui-milia 3,642; makadirio ya 2006, kwa mbinu mpya, yalikuwa 1,411. Tarakimu hizo mbili hazilinganishiki moja kwa moja kwa kuwa mbinu ni tofauti, lakini zinatosha kumkosesha usingizi msimamizi yeyote.

Hatua ya 1: Jua kila kazi inasubiriwa na nani

Katika wiki zako za kwanza, kaa na kila mwanabiolojia peke yake, ofisini kwake na si kwako. Kwa kila mradi alionao muulize maswali matatu: nani anasubiri jibu, analisubiri lini, na akilipata ataamua nini. Andika majibu kwenye karatasi moja tu.

Utakuta miradi ambayo hakuna anayeisubiri. Usikimbilie kuifuta. Baadhi ni ufuatiliaji wa muda mrefu, kwa mfano kuhesabu ndege wa ziwa lilelile mwezi uleule kila mwaka, na thamani yake huonekana siku jambo linapoharibika na mtu akauliza, "Zamani hali ilikuwaje?" Mfululizo wa namna hiyo ukikatwa miaka miwili haushoneki tena. Lakini mingine imerithiwa tu kutoka kwa mtu aliyekwishastaafu, na anayeifanya mwenyewe haoni maana yake. Hiyo ifunge kwa barua, ueleze sababu, na takwimu zake zihifadhiwe.

Hatua ya 2: Itifaki iandikwe kabla gari halijawashwa

Hapa usiwe na haraka, kwa sababu kosa linalofanyika kabla ya safari halirekebishiki baada ya safari. Mwanabiolojia anayekuomba ridhaa ya kwenda uwandani alete itifaki, yaani kurasa chache zinazosema: swali ni lipi, mbinu ni ipi, sampuli ni kubwa kiasi gani, takwimu zitachambuliwa vipi, na matokeo ya namna gani yatamfanya aseme "sijui". Jambo hilo la mwisho wengi hulisahau. Asiyejua mapema ni wakati gani atasema hajui, akirudi atajua kila kitu.

Hulazimiki kuwa bingwa wa takwimu, ila yapo maswali ambayo msimamizi yeyote anaweza kuuliza. Kama wanatumia mbinu ya kutembea kwenye mstari na kupima umbali wa kila mnyama waliyemwona, waulize wanatarajia kuona makundi mangapi. Kanuni ya kawaida ya mbinu hiyo ni kupata mionekano 60 hadi 80 ili kukadiria vizuri jinsi uwezo wa kuona unavyopungua kadiri umbali unavyoongezeka. Mtu akikuambia atatembea siku nne na anatarajia kuona makundi 15, mwambie aongeze siku au abadili swali.

Kwa hesabu za kutoka angani, uliza kuhusu kimo na kasi ya ndege, upana wa ukanda unaohesabiwa kila upande na jinsi ulivyopimwa, na nani atakaa dirishani kwa saa ngapi. Mtazamaji aliyechoka anaona wachache, na anayetazama upande wenye jua usoni vilevile. Makundi makubwa yapigwe picha yahesabiwe baadaye mezani, kwa sababu watu wanaokadiria kundi kubwa kwa macho hupishana sana, mara nyingi wakipunguza. Inapowezekana, watazamaji wawili wahesabu upande mmoja bila kusikizana. Wanyama alioona mmoja na mwenzake akawakosa ndio wanaokuonyesha ni wangapi wamewapita wote wawili.

Wapo watakaokuja na mbinu mpya, na mara nyingi watakuwa na haki. Kubali, ila kwa sharti moja: mbinu ya zamani na mpya ziende sambamba kwa angalau msimu mmoja, katika eneo lilelile. Bila hivyo, mwaka ujao waziri atauliza kwa nini nyati wamepungua, na hakuna atakayejua kama wamepungua kweli au wamehesabiwa vingine.

Hatua ya 3: Warudi wakiwa hai

Rekodi za vifo vya wanabiolojia wa wanyamapori kazini nchini Marekani, kuanzia 1937 hadi 2000, zinaonyesha kwamba ajali za ndege ziliua wengi kuliko sababu nyingine yoyote. Wanyama wakali, ambao ndugu na jamaa huwaogopa zaidi, wako chini sana kwenye orodha. Kwa hiyo kabla ya kukubali sensa ya angani, jiulize kama swali hilohilo haliwezi kujibiwa kwa kamera au kwa miguu. Ikiwa ni lazima kuruka, mwenye neno la mwisho kuhusu hali ya hewa ni rubani. Msimamizi asimpigie simu kumkumbusha kwamba bajeti inaisha Ijumaa.

Kila safari iwe na mpango wa mawasiliano ulioandikwa: wanapita wapi, wanalala wapi, wanaripoti saa ngapi kwa redio au simu ya setilaiti, na wasiposikika kwa muda gani nani anaanza kuwatafuta. Mtu huyo atajwe kwa jina na awe na namba za dharura. Mpango usiotaja nani ataanza kutafuta ni pambo la faili tu.

Dawa za kulaza wanyama wakubwa zinahitaji ukali wa pekee. Etofini, inayotumika kwa tembo, kifaru na wengineo, ni ya jamii ya mofini lakini ina nguvu kuliko mofini kwa mara maelfu. Tone lililopenya kwenye jeraha au jichoni linaweza kumuua mtu. Asiishike yeyote asiyefunzwa na kuidhinishwa, asiishike yeyote akiwa peke yake, na dawa ya kumwokoa binadamu iwe imetolewa kwenye sanduku na iko tayari kabla chupa ya etofini haijafunguliwa. Kama daktari wa mifugo na wanyamapori hayupo, zoezi halipo. Hapo hakuna mjadala.

Mizoga nayo ina masharti yake. Mnyama aliyekufa ghafla, damu ikimtoka puani na haigandi, achukuliwe kuwa ana kimeta mpaka vipimo vikanushe. Asipasuliwe. Mzoga ukifunguliwa, vijidudu hupata hewa na kujigeuza mbegu zinazoweza kukaa ardhini miaka mingi. Na wote wanaoshika mbweha, popo au mbwa mwitu wawe wamechanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa kabla, wasingoje kuumwa.

Kuna hatari nyingine inayotajwa kwa nadra. Kambi ya mbali, watu watano, kiongozi mmoja mwenye gari na redio: mazingira kama hayo humwezesha mtu mwenye tabia mbaya kumsumbua mwanafunzi au ofisa mdogo, hasa mwanamke, bila yeye kuwa na pa kusemea. Weka mahali pa kulala pa faragha, na weka njia ya kulalamika isiyopita kwa kiongozi wa kambi. Kila anayekwenda aambiwe njia hiyo kabla ya safari.

Hatua ya 4: Takwimu ni za ofisi

Mtu akihama idara akaondoka na kompyuta yenye takwimu za miaka sita, kosa si lake peke yake. Utaratibu uwe hivi: fomu za siku zikaguliwe jioni ileile huko huko uwandani, mtu mwingine azipitie kabla kumbukumbu haijafifia, zinakiliwe mahali pawili kabla ya kusafiri, wakirudi ziingie kwenye kanzidata ya ofisi ndani ya wiki mbili. Karatasi za awali zisitupwe. Pamoja na takwimu ziwepo maelezo ya kila safu: kipimo gani, nani alipima, kwa chombo gani. Safu iliyoandikwa "umbali" bila kusema ni mita au hatua haimfai mtu baada ya miaka mitatu.

Mahali walipo wanyama wanaowindwa na majangili pafichwe. Picha za kamera na ishara za kola za kufuatilia wanyama hubeba majira ya ramani, yaani namba zinazoonyesha mahali hasa, na faili moja iliyotumwa kwa barua pepe kiholela inaweza kumfikisha jangili mpaka kwa kifaru. Amua nani anaona majira kamili na nani anaona ramani ya jumla, na uandike orodha hiyo. Watafiti wa nje wakiomba, wapewe kiasi kinachojibu swali lao, si zaidi.

Kuhusu kola, neno moja: kanuni inayotumiwa sana ni uzito wake usizidi asilimia 5 ya uzito wa mnyama, na kwa ndege asilimia 3, na wengi siku hizi hushuka chini ya hapo. Anayetaka kuvalisha kola aeleze pia itavuliwaje.

Hatua ya 5: Kagua ripoti bila kuigusa tarakimu

Msimamizi anaruhusiwa kuirudisha ripoti mara nyingi anavyotaka. Haruhusiwi kubadili matokeo. Mpaka huo uutamke mbele ya kitengo chote siku ya kwanza, kisha uufuate hata siku utakayobanwa.

Unaporudisha, uliza: makadirio yana mipaka? Kusema "nyati 4,200" hakutoshi. Ripoti iseme "4,200, kati ya 3,100 na 5,300", na iseme wazi kwamba mwaka jana ilikuwa 4,600 lakini tofauti hiyo imo ndani ya mipaka, hivyo haithibitishi kupungua. Wakubwa hawapendi sentensi hiyo. Iache palepale, ukurasa wa kwanza, si kwenye kiambatisho.

Kisha tenganisha sehemu mbili: tulichokiona, na tunachoshauri. Mkurugenzi ana haki ya kukataa ushauri, kwa kuwa yeye anapima na mambo mengine, kama ajira, usalama, siasa na fedha. Hana haki ya kukataa kilichoonekana. Vikiandikwa kwa kuchanganywa, anayetaka kuupinga ushauri hujikuta anaikataa hesabu. Mara nyingi ugomvi kati ya watafiti na wakubwa huanzia hapo, na mkuu wa kitengo angeweza kuuzuia kwa vichwa viwili vya habari.

Samaki aina ya chewa wa mashariki mwa Canada ni mfano ambao kila mkuu wa kitengo angefaa kuujua. Katika miaka ya 1980 wanasayansi wa serikali walitegemea kwa kiasi kikubwa takwimu za meli kubwa za uvuvi, ambazo ziliendelea kupata samaki wengi kwa kuwa meli hizo hufuata mahali samaki walipojikusanya. Safari za utafiti zilionyesha hali mbaya zaidi, na wavuvi wadogo wa pwani walilalamika kwamba samaki wanapungua. Kufikia 1989 wataalamu walikiri kwamba makadirio ya awali yalikuwa makubwa mno, lakini viwango vya uvuvi havikushushwa kiasi cha kutosha. Tarehe 2 Julai 1992 uvuvi ulisimamishwa, na watu wapatao 30,000 wakapoteza kazi. Lisemwalo lipo. Vyanzo viwili vinapokinzana, usiviunganishe ili kupata wastani mzuri; mwagize mwanabiolojia aeleze kwa nini vinakinzana.

Upande wa pili, jilinde na mazoea ya kitengo chako mwenyewe. Tai mzoga wa Asia Kusini walipoanza kutoweka miaka ya 1990, wengi walidhani ni ugonjwa wa kuambukiza, na lilikuwa wazo la maana kabisa. Utafiti uliochapishwa 2004 ulionyesha chanzo ni diklofenaki, dawa ya maumivu waliyopewa ng'ombe. Tai waliokula mizoga yenye dawa hiyo figo zilikufa. Mwaka 2006 India, Pakistan na Nepal zikapiga marufuku matumizi yake kwa mifugo. Jibu lilipatikana kwa sababu kuna waliopasua ndege waliokufa na kupima hata kile ambacho hakikutarajiwa. Katika kila kikao cha mapitio, mpe mtu mmoja kazi ya kupinga maelezo yanayopendwa na wote. Zamu ibadilike, la sivyo ataitwa mkorofi.

Na shinikizo likija kutoka juu? Omba liandikwe. "Naomba maelekezo hayo kwa maandishi ili niyaweke kwenye faili" ni sentensi ya heshima kamili, na mara nyingi simu hiyo haitapigwa tena. Maelekezo yakija kweli, jibu kwa maandishi, weka toleo la awali la ripoti na tarehe yake, na usimwache mwanabiolojia mdogo aende peke yake kwenye kikao kuulizwa.

Hatua ya 6: Vibali na mgongano wa majukumu

Kama ofisi yako inahusika na biashara ya kimataifa ya wanyama au mazao yao, usome mkataba wa CITES wewe mwenyewe. Ulitiwa saini Washington tarehe 3 Machi 1973 na kuanza kutumika 1 Julai 1975. Unataka kila nchi iwe na Mamlaka ya Usimamizi inayotoa vibali, na Mamlaka ya Kisayansi inayoshauri. Kwa spishi za Kiambatisho I (zilizo hatarini kutoweka) na II (zinazoweza kufikia hapo biashara isipodhibitiwa), kibali cha kusafirisha nje hakitolewi kabla Mamlaka ya Kisayansi haijasema kwamba biashara hiyo haitadhuru kudumu kwa spishi. Katika ofisi nyingi mamlaka hizo mbili zimekaa jengo moja, wakati mwingine chumba kimoja. Ikiwa ndivyo kwenu, basi angalau anayesaini tathmini ya kisayansi asiwe yule anayesaini kibali, na asipimwe utendaji wake kwa idadi ya vibali vilivyotoka.

Hatua ya 7: Watu

Wanabiolojia wengi hawakuja serikalini kwa ajili ya mshahara. Wanachoka kwa sababu nyingine: ripoti inasomwa na hakuna anayesema lolote, au inawekwa kabatini. Ukipokea ripoti, ndani ya mwezi mmoja mwandishi aambiwe imefika kwa nani na imeamuliwa nini, hata kama jibu ni "tumekataa". Hilo halina gharama, na sijui kwa nini linafanyika kwa nadra.

Kwenye tathmini ya mwaka usihesabu safari wala kurasa. Angalia kama itifaki ilifuatwa, takwimu ziliingizwa kwa wakati, na kama mwingine anaweza kurudia uchambuzi akapata jibu lilelile. Aliyegundua kosa katika kazi yake mwenyewe na kulitangaza apate alama ya juu hadharani. Mficha uchi hazai, nao watumishi huangalia sana anayefichua anatendewaje.

Machapisho ya kisayansi yaruhusiwe, na sheria ya nani aandikwe mwandishi ikubaliwe mwanzoni mwa mradi. Wewe kuwa mkuu hakukupi jina kwenye makala. Dereva na askari wa wanyamapori walioongoza njia na kutambua nyayo watajwe inavyostahili. Mara nyingi wao ndio wanaojua kwamba kundi lililohesabiwa leo ni lilelile la jana.

Mtu aliyekaa uwandani muda mrefu, au aliyeshiriki kuua wanyama kwa amri halali ya ofisi, apewe nafasi ya kupumzika bila kulazimika kujieleza sana. Kazi za kupunguza wanyama huwaelemea watu kuliko wanavyokiri.

Hatua ya 8: Mwaka wa fedha na mwaka wa wanyama

Wanyama huzaa na kuhama bila kuuliza bajeti imefunguliwa lini. Chora kalenda mbili kwenye karatasi moja: juu misimu ya kazi za uwandani, chini tarehe za bajeti, zabuni na kufunga hesabu. Utaona mara moja ni manunuzi gani lazima yaanze mwaka mmoja mapema. Kola na betri zake, na vibali vya kuagiza dawa kutoka nje, ndivyo huchelewa zaidi. Kwa kila mfululizo wa ufuatiliaji uliouorodhesha kwenye hatua ya 1, andika kiasi cha chini kabisa kinachoweza kuuendeleza bajeti ikikatwa katikati: labda njia sita za kuhesabia badala ya kumi na mbili, zilezile kila mwaka, zikichaguliwa sasa kwa ushauri wa mtakwimu wakati akili zimetulia. Karatasi hiyo isainiwe na nakala yake ipelekwe kwa mhasibu.